Ukiandika 19.99, unajua mashine imebeba nini?

Mwaka jana nilimuundia mama mmoja, wakala wa mikate mtaani, programu ndogo ya kuhesabu kamisheni. Kila kreti ilimwachia shilingi 19.99 baada ya makato. Mwezi wa kwanza akauza kreti 3,000. Programu yangu ikasema anafaa kulipwa shilingi 59,940. Yeye akatoa simu, akapiga hesabu, akapata 59,970. Akaniangalia. "Kijana wangu, hizi thelathini zimeenda wapi?"

Shilingi thelathini si pesa ya kupigania. Lakini swali lake halikuwa la thelathini. Alikuwa anauliza kama anaweza kuniamini na hizo elfu hamsini na tisa nyingine. Na mimi, mtu wa kujiita fundi wa programu, sikuwa na jibu.

Nilikaa siku tatu nikipekua. Kosa lilikuwa kwenye mstari ambao nilidhani ndio wa maana zaidi. Nilikuwa nimesikia kwamba pesa ihesabiwe kwa senti, namba nzima, ndiyo desimali zisikusumbue. Kwa hivyo nikaandika kwa Python: int(19.99 * 100). Kichwani mwangu hiyo ni 1999. Kumbe mashine ilikuwa na 1998.9999999999998, na int ikakata mkia wote ikabaki 1998. Senti moja ikapotea kwa kila kreti. Zidisha mara 3,000, hizo hapo thelathini zake.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba kosa halikutokea programu ikiendeshwa. Lilikuwa limeshatokea kabla. Python ina kifaa kinaitwa dis, kinakuonyesha msimbo wa kati, yaani ile lugha ya katikati ambayo kompaila hutafsiria maandishi yako kabla hayajaendeshwa. (Ndiyo, Python ina kompaila, usidanganywe.) Nilipofungua, sikuona 19.99 wala 100. Niliona namba moja tu imekaa hapo ikinisubiri: 1998.9999999999998. Kompaila ilikuwa imeshazidisha, ikahifadhi jibu kama konstanti, yaani thamani isiyobadilika.

Maoni yangu ni haya: ukilipwa kuandika programu inayogusa pesa za watu, ni lazima ujue konstanti zako zinakaaje ndani ya msimbo wa kati. Na usiniambie hayo ni mambo ya maprofesa. Mimi niliacha chuo kabla somo la kompaila halijafika, na bado nimeyaelewa nikiwa kwa bedsitter yangu, bando ikikaribia kuisha.

Tuanze na aina. Ukiuliza Python kama 1, 1.0 na True ni sawa, itakujibu ndiyo. Sasa fikiria kompaila iseme, "Basi kama ni sawa, nitaweka moja tu." Mahali ulitaka risiti iandike 1, mteja anasoma True. Ndiyo maana kompaila ya Python ikipanga konstanti zake hutazama thamani pamoja na aina yake. Hata 0.0 na -0.0 huzitenganisha, kwa sababu kuna hesabu ambazo alama hiyo ya kutoa hubadilisha jibu.

LLVM, ule mradi ambao Chris Lattner alianzisha mwaka wa 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois na ambao leo unabeba Clang, Swift na Rust, umelichukulia jambo hili kwa uzito. Huko huandiki 10 peke yake. Unaandika i32 10 au i64 10, na hizo ni konstanti mbili tofauti: ya biti 32 na ya biti 64. Hata hivyo, i8 255 na i8 -1 ni kitu kimoja, kwa sababu biti zake nane ni zilezile. Amri inayoitumia namba ndiyo huamua kama itasomwa kuwa hasi au chanya. Ni kama mtu akwambie "nipe mia." Mia ya nini? Shilingi ama dola?

Hili lina makali yake. VAT ya Kenya ni asilimia 16. Andika kwa Java 16/100 * bei, na VAT yako itakuwa sufuri kwa kila bidhaa. Zote mbili, 16 na 100, ni namba nzima, kwa hivyo kompaila inagawanya kwa namba nzima, inapata 0, na hiyo 0 ndiyo inaingia kwenye msimbo. Haikosei. Imefuata sheria za Java neno kwa neno. Mambo ya kuelezea KRA ni yako.

Pili, konstanti haifai kuguswa. Kuna kisa ambacho wazee wa Fortran husimulia, na kweli kilikuwa kikitokea. Kompaila za zamani ziliweka namba kama 4 mahali pamoja kwenye kumbukumbu, ili kuokoa nafasi. Kila 4 ndani ya programu ikawa inasoma pale pale. Sasa Fortran ikipeleka kitu kwa kijiprogramu kingine, hupeleka anwani yake. Kile kijiprogramu kikiandika 5 kwenye hiyo anwani, basi kuanzia hapo kila 4 katika programu yote imekuwa 5. Hebu jaribu kutafuta kosa kama hilo! Unasoma mstari umeandikwa 4, na mashine inasoma 5.

LLVM bado hufanya ule ubahili wa kuweka nakala moja: i32 10 zote katika muktadha mmoja ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuibadilisha. Kitu kinachotumiwa na wengi kiwe hakibadiliki. Java nayo ina ubahili wake: namba kuanzia -1 hadi 5 zina amri zao maalum za baiti moja, 100 huchukua baiti mbili, 1,000 huchukua tatu, na 100,000 inapelekwa kwenye ghala la konstanti na kuitwa kutoka huko.

Tatu ni lini kompaila ifanye hesabu na lini inyamaze. Ukiandika 60 * 60 * 24, Python inahifadhi 86400 mara moja, na hiyo ni kazi safi. Lakini ukiandika 1/0, kompaila haigusi. Inaacha ilivyo, ili kosa litokee tu kama programu itafika kwenye mstari huo. Pengine haitafika kamwe. Kuna busara hapo: kufupisha kazi kusibadilishe maana ya programu.

Kuna msee ataniambia, "Buda, si kompaila ifanye kazi yake nami nifanye yangu?" Sawa. Lakini kompaila ni mwaminifu kwa ulichoandika. Haijui ulichomaanisha. 19.99 haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa biti, vile theluthi moja haiishi ukiiandika kwa desimali. Kompaila ilichukua namba iliyo karibu zaidi, ikazidisha jinsi mashine yenyewe ingezidisha, ikahifadhi jibu. Ingejitia kujua na kuandika 1999, ingekuwa inadanganya, na kesho ingedanganya mahali pabaya zaidi.

Mahali pabaya pashawahi kuonekana. Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora, Patriot, ulishindwa kulizuia kombora la Scud huko Dhahran, Saudia. Wanajeshi 28 walikufa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ukazidisha kwa konstanti 1/10. Hiyo 1/10 haiishi kwa biti, na rejista ilikuwa na nafasi ya biti 24, kwa hivyo mkia ukakatwa. Kakosa kenyewe kalikuwa kadogo sana, kama 0.000000095. Lakini mtambo ulikuwa umewaka takriban saa 100 bila kuzimwa, na kakosa hako kakafikia karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kasi ya Scud, huo ni umbali wa zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatafuta kombora mahali ambapo halikuwepo.

Silinganishi mikate na vita. Ninachosema ni kwamba mkia uliokatwa ni uleule, na aliyeandika namba hakuenda kuangalia imehifadhiwaje.

Siku hizi ni rahisi hata zaidi kutoangalia. Unaiomba akili unde ikuandikie, unanakili, inafanya kazi, unatuma bili. Mimi pia hufanya hivyo, sijidai mtakatifu. Lakini kabla hujaikabidhi kwa mteja, fungua dis kwa dakika tano. Kama unatumia C, iambie Clang ikutolee msimbo wa LLVM. Tafuta kila namba uliyoiandika. Ukiona namba usiyoitambua, simama hapo hapo.

Kwa yule mama, marekebisho yalikuwa mafupi. Niliifuta ile hesabu yote nikaandika 1999, senti, namba nzima tangu mwanzo. Nikamwonyesha namba ya zamani kwenye skrini, mkia na yote. Akacheka, akasema hata muuza mikate anajua mkate hauhesabiwi kwa makombo.

Bado huwa anapiga hesabu kwa simu yake kila mwisho wa mwezi. Sijawahi kumwambia aache.