Siku Tatu za Muhogo

Juzi tulimsikia kijana mmoja, aliyeshuka toka vilima vya Masisi kwenda kwa jamaa zake Walikale, akimnung'unikia mama yake mdogo. Kwao viazi huchimbwa asubuhi na kuliwa mchana. Ya nini basi kungoja siku tatu muhogo unaonuka majini? Mama akajibu, "Ngoja, mwanangu," akaendelea kumenya.

Sisi tuliosoma vitabu twampa haki mama huyo. Ndani ya muhogo mchungu mna kitu ambacho, ukikatwa au kupondwa, hutoa sianidi, nayo ni sumu kali. Ukilowekwa siku tatu au nne hulainika na kuchacha. Sumu nyingi huenda na maji, na iliyobaki hupungua kwa kuanikwa juani. Kuuchemsha tu hakutoshi.

Walioharakisha walipatwa na makubwa. Huko Kwango, kusini-magharibi ya nchi yetu, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa uitwao konzo: mtu hukakamaa miguu ghafula, wala haiponi tena. Huwapata hasa watoto na wanawake, wakati wa njaa, watu wanapokula muhogo uliolowekwa upesi, bila maharagwe wala samaki.

Tunawafikiria akina mama wanaokimbia vita porini, wasio na kijito wala siku tatu za kungoja. Hao hatuwezi kuwalaumu.

Kijana yule alikula ugali wake na sombe, akaomba kuongezwa. Ama harufu ile, twakiri, hata sisi hatujaizoea.