Mashoto ya Miezi Sita

Mtoto wa miezi sita ameketishwa mkekani, mto nyuma yake, na kijiko cha plastiki kimewekwa upande wake wa kulia. Mkono wa kulia hausogei. Anapitisha wa kushoto kifuani, anajipinda mpaka anakifikia, huku ule wa kulia umefumba ngumi na gumba limefichwa ndani. Waliomzunguka wanacheka: huyu mashoto kama babu yake, akianza kula atafundishwa mkono wa adabu. Lakini katika umri huo mtoto huwa bado hajachagua mkono. Kwa kawaida huitumia yote miwili hadi apite mwaka wa kwanza. Anayeng'ang'ania mmoja mapema hivyo anatuambia kwamba huenda mwingine una hitilafu, na chanzo kikubwa cha udhaifu wa upande mmoja kwa watoto ni kiharusi kilichowapata wakiwa tumboni au siku za mwanzo baada ya kuzaliwa.

Kiharusi tumezoea kukihesabu ugonjwa wa wazee wenye presha, ndiyo maana habari hii huwashangaza hata wasomi. Makadirio ya nchi zenye vipimo vya kutosha ni kati ya mtoto 1 kwa kila 1,100 na 1 kwa kila 4,000 wanaozaliwa, kutegemea aina zinazohesabiwa. Damu huganda, pengine kwenye kondo la nyuma, na bonge hilo husafiri hadi kwenye mshipa wa ubongo na kuuziba. Baadhi ya watoto hao hupata degedege ndani ya siku tatu za mwanzo, mara nyingi la mkono au mguu wa upande mmoja. Wengine hutoka hospitali wakinyonya vizuri, na hakuna anayeshuku lolote mpaka mikono inapoanza kutafuta vitu. Upande wa kushoto wa ubongo, unaoongoza mkono wa kulia, ndio hupigwa zaidi, kwa hiyo mkono unaodhoofika mara nyingi ni wa kulia.

Hoja yangu ni kwamba malezi ya mtoto huyu yanategemea sana siku ambayo wazazi wake wataambiwa, na mahali pa kuwaambia tunapo tayari: kwenye foleni ya chanjo. Tanzania na Kenya, mtoto hupelekwa kliniki wiki ya 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua. Anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inajazwa. Kumpa kitu ashike, kwanza upande huu kisha ule, ni kazi ya dakika moja. Haraka ni ya nini? Mtoto anapozaliwa, kila upande wa ubongo una nyuzi zinazofika mikono yote miwili. Kadiri miezi inavyokwenda, zinazotumika huimarika na zisizotumika hunyauka. Lugha ina bahati zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, wameonyesha kwamba vijana waliopata kiharusi cha upande wa kushoto walipozaliwa huongea vizuri, kwa kuwa upande wa kulia umeibeba kazi hiyo. Mkono haupati mrithi kirahisi hivyo.

Wapo watakaosema manesi wamelemewa, na wataalamu wa fiziotherapia wako mijini. Kuna faida gani kumgundua mtoto asiye na pa kupelekwa? Ni swali la haki. Hata hivyo, Sweden, katika Taasisi ya Karolinska, yamejaribiwa mazoezi ambayo mzazi mwenyewe huyafanya nyumbani. Mkono mzima unavishwa kitu kama glavu au soksi, kisha mtoto anavutwa kwa michezo autumie ule dhaifu, nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita. Anapumzishwa, halafu wiki sita nyingine. Mtaalamu huja mara mojamoja kuelekeza. Waliofanyiwa hivyo waliutumia mkono vizuri zaidi kuliko wenzao waliokandwa tu, na hilo linatuhusu, kwani kwetu mtoto mlegevu jambo la kwanza ni kukandwa mafuta. Kukanda si kosa, ila hakumfundishi mtoto kushika. Wala mazoezi haya hayafuti ulemavu: anayewauzia wazazi ahadi ya kupona kabisa anawadanganya.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la unyanyapaa. Mtoto akipewa jina la ugonjwa mapema, shutuma zitamwangukia mama: alikula nini, alimkosea nani. Lakini shutuma hizo huja hata bila jina, mtoto anapoanza kutembea akiburuta mguu, na wakati huo mama hana la kujibu. Anayeelezwa mapema huambiwa pia kwamba sababu mara nyingi haijulikani, kwamba si chakula wala kazi aliyofanya, na kwamba ni nadra mtoto wake ajaye kupatwa na hali hiyo. Kuna lingine linalosahaulika. Mtoto ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliodhoofika hataitwa mashoto na mtu yeyote. Atanyakua kila kitu kwa mkono wa kulia, nyumba nzima itasifu adabu yake, na asipopewa kijiko upande wa kushoto pale kliniki, hakuna atakayejua mpaka ashindwe kufunga vifungo vya shati la shule.