Mizani Haipimi Masikio

Desemba 2021 Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi umri wa miaka 8. Andiko ni zuri. Nauliza: limemfikia mlezi gani Nyamongo au Mugumu?

Mizani ya kliniki hupima uzito, haipimi masikio. Mtoto asiyesikia hunenepa kama wenzake, huitwa mkaidi, kisha hugunduliwa darasa la kwanza, miaka yake ya thamani ikiwa imekwisha kupita.

Naambiwa fedha hakuna. Tarime, juu ya dhahabu? Serengeti, jirani na hifadhi ijulikanayo dunia nzima? Tangu 2017 Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mipango hupenda majengo, kwa kuwa majengo hukatiwa utepe. Sipingi madarasa. Nadai fungu la kumfunza mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mlezi wa kituo cha mchana kumtambua mtoto huyu mapema, pamoja na nauli ya kumfikisha kwa mtaalamu.

Waheshimiwa madiwani, utoto haungoji bajeti ijayo.