Ajali Zina Mahali Pake

Kila itokeapo ajali barabarani, watu husema maneno mawili. Mmoja husema, "Ni amri ya Mungu." Mwingine husema, "Ni uzembe wa dereva." Akiisha kuzikwa maiti, na dereva akiisha kufikishwa mahakamani, huonekana kama jambo limekwisha, na baada ya siku chache mtu mwingine agongwa pale pale. Sisi twasema kwamba maneno hayo mawili yamelificha neno la tatu, nalo ni mahali.

Ushahidi tunao kutoka Nairobi. Kati ya mwaka 2012 na 2020, wasafiri wa mji ule walikuwa wakipashana habari za barabarani kwa simu, kwa njia ya Ma3Route, katika mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter. Wataalamu, wakiwemo wa Benki ya Dunia, walikusanya habari 874,588 za namna hiyo. Wakaifundisha kompyuta kuzichagua zile zilizotaja ajali, na kutafuta mahali pa kila ajali kwa kufuata majina ya barabara, vituo na majengo yaliyotajwa. Zikapatikana taarifa 32,991; nazo zilipokusanywa zile zilizohusu ajali moja, zikawa ajali 22,872. Wala hawakuiamini kompyuta kwa macho yaliyofumbwa. Kwa baadhi ya ajali walituma watu wa pikipiki papo hapo kwenda kuhakikisha, na taarifa 92 katika kila 100 zikaonekana kuwa sahihi.

Je, ramani iliyotokana na kazi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2021, yasemaje? Yasema kwamba nusu ya ajali hizo zilitokea katika sehemu za barabara ambazo, zikijumlishwa, hazifiki hata moja katika mia ya barabara zote za mji. Msomaji na alisome neno hilo mara mbili.

Miji yetu imezoea kujitetea kwamba barabara ni nyingi na fedha ni chache. Utetezi huo sasa umepungua nguvu. Hatuambiwi tutengeneze mji mzima kwa siku moja. Twaambiwa tuanze pale panapoumiza watu. Atakayejibu kwamba ajali ni nyingi mahali hapo kwa kuwa magari nako ni mengi, amesema kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuanzia hapo, si sababu ya kupapita. Dereva mzembe na aadhibiwe, lakini faini yake haijengi kivuko, haiwashi taa, wala haikihamishi kituo cha basi kilichowekwa mahali pabaya. Mfanya kazi atokaye Mukuru alfajiri kwenda viwandani kwa miguu hawezi kungoja mpaka madereva wote wawe wema.

Hata hivyo, ramani hiyo nayo ina upungufu wake. Imechorwa kwa maneno ya wenye simu, na hao huziona zaidi njia kuu wapitazo. Mtoto aliyegongwa katika kichochoro cha mtaa wake huenda hakuandikwa na mtu ye yote. Kwa hiyo madaftari ya polisi na ya hospitali hayana budi kufunguliwa na kuongezwa juu yake, maana kuandika jina la barabara ndefu peke yake hakumwonyeshi fundi pa kuchimba.

Basi twataka jambo moja. Kila baraza la mji na litangaze kila mwaka orodha ya mahali pake pa hatari, na mbele ya kila mahali liandike lililofanywa hapo. Nawe, ndugu msomaji, utoapo habari ya ajali, taja mahali hasa. Zamani twaliweza kusema kwamba hatukujua. Kifo kitakachotokea kesho mahali palipokwisha kutiwa alama katika ramani hakitaitwa bahati mbaya.