AFYA YA JAMAA: Kongosho na Bandama

Huku Likasi mtu akisikia uzito chini ya mbavu za kushoto, na bandama limevimba, jamaa husema mara moja, "Ni malaria." Mara nyingi husema kweli, kwani malaria ya kurudirudi hulivimbisha bandama. Lakini si kila mara. Juma hili twaeleza sababu nyingine.

Nyuma ya mfuko wa tumbo iko kongosho, itoayo maji ya kusaga chakula. Ncha yake hufika karibu na bandama, na mshipa uchukuao damu kutoka bandama hupita nyuma yake. Nyumba ya jirani ikishika moto, yako nayo haina salama.

Kongosho huvimba na kuwaka hasa kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au ulevi. Wanywao lutuku kila siku na walifikiri neno hili! Hapo maji yale makali huila kongosho yenyewe. Damu huweza kuganda katika ule mshipa. Bandama, likikosa njia, huvimba. Damu hutafuta njia nyingine katika mishipa ya tumbo, nayo hutanuka, na pengine hupasuka. Mara chache bandama lenyewe hufanya usaha au hupasuka.

Dalili zake ni hizi: maumivu makali juu ya kitovu, yapenyayo hata mgongoni, pamoja na kutapika na homa. Pengine hufuata maumivu ya bega la kushoto, kutapika damu, choo cheusi kama lami, na kuzimia. Mgonjwa wa namna hii msimkande tumbo, wala msimchanje chale. Mpelekeni hospitali upesi, hata ikiwa usiku.

Tena msimfiche mganga habari za pombe. Twajua ya kuwa mke huona aibu kumsema mumewe, na mtoto humwogopa babaye. Lakini aibu hupita, kaburi halirudishi mtu.

Ikiwa waganga wamelazimika kuliondoa bandama, mtu aweza kuishi bila hilo, ila kinga yake imepungua. Apate chanjo aliyoagizwa, alale ndani ya chandarua, na homa yo yote ikimshika, aende hospitali siku ile ile, asingoje kesho.