Aliyefungua Mlango Asisahauliwe

Watu wakitaja mbio za akina mama wa Kenya huanzia kwenye nishani ya dhahabu ya Pamela Jelimo, Beijing, 2008. Mimi nasema hesabu hiyo ina pengo. Wilson Kiprugut alituletea nishani ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Wanaume wakazidi kuvuna, wanawake wakangoja miaka 32. Tarehe 28 Julai 1996, huko Atlanta, wanawake walikimbia mita 5,000 za Olimpiki kwa mara ya kwanza. Pauline Konga, binti wa Baringo, kaskazini ya Nakuru, akaja wa pili nyuma ya Wang Junxia wa Uchina. Ile fedha ndiyo nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya.

Tulifunzwa chuoni kuwa asiyewashukuru waja hajamshukuru Mola. Basi nauliza: msichana wa skuli wa Section 58, Nakuru, analijua jina hilo? Na wa Kibokoni, Mombasa, je? Konga alikwisha staafu mbio. Jina lake liandikwe katika vitabu vya watoto, lipewe njia au uwanja Nakuru, naye alione kwa macho yake. Sifa zisingoje matanga.