Anayeitwa Mtoro Hatangazwi

Msimbo wa dharura kwa ajili ya watu waliopotea wakiwa hatarini, ambao Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliupitisha Agosti 2024 na ambao ulianza kutumika Septemba 2025, umepokewa kana kwamba umeziba pengo la miaka mingi, ilhali pengo lenyewe haliko katika mitambo ya kurushia ujumbe bali katika mamlaka ya kuamua ni nani anayestahili kutafutwa na umma. Msimbo huo ni alama fupi inayoziwezesha redio, televisheni na simu za mkononi kutambua aina ya dharura na kuitangaza katika eneo husika. Tume yenyewe ilieleza kwamba mwaka 2023 watu zaidi ya 188,000 waliopotea walikuwa nje ya masharti ya tahadhari ya Amber.

Tahadhari ya Amber, iliyoanzishwa Texas baada ya mtoto wa miaka 9 kutekwa na kuuawa mwaka 1996, inamhusu mtu asiyezidi miaka 17 ambaye polisi wameridhika kwamba ametekwa na kwamba maisha yake yamo hatarini. Mzee mwenye maradhi ya kusahau hamo. Msichana wa miaka 19 aliyetekwa Virginia mwaka 2017 hakuwamo, na kwa sababu yake ikatungwa sheria ya Ashanti mwaka 2018. California ikaongeza tahadhari ya Feather kwa wenyeji wa asili, kisha, Januari 2024, ya Ebony kwa vijana Weusi wa miaka 12 hadi 25.

Wapo wanaodai kwamba tahadhari inayotaja rangi inawagawa raia, na wapo wanaohofia kwamba simu zikilia kila mara watu watazizima. Hofu hii ya pili ina uzito kiasi. Hata hivyo, hoja zote mbili zinahusu yale yanayofuata baada ya tahadhari kutolewa, na dhuluma kubwa hutendeka kabla ya hapo.

Hutendeka kwenye kaunta ya kituo cha polisi, pale ofisa anapoandika kwamba mtoto ni mtoro, yaani ameondoka nyumbani kwa hiari yake. Neno hilo moja linaifunga tahadhari ya Amber, kwa kuwa mtoro hahesabiwi kuwa ametekwa, na watetezi wa familia za Weusi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba watoto wao ndio wanaobandikwa neno hilo upesi zaidi. Mtoto anayerubuniwa na wafanyabiashara wa binadamu mara nyingi hutoka kwa miguu yake mwenyewe, begi mkononi, bila mlango kuvunjwa wala jirani kusikia kelele. Sheria ya Ebony inaitaja biashara hiyo miongoni mwa hatari inazozitambua, lakini dalili zake hupatikana kwa uchunguzi, na uchunguzi haufanywi kwa bidii pale ambapo mtoto amekwisha kuitwa mtoro. Kwa hiyo ushahidi unaodaiwa ili atafutwe ni ule ambao ungepatikana tu kama angetafutwa.

Haikubaliki kabisa kwamba watunga sheria waliolijua tatizo hili waliuacha ufunguo mikononi mwa walewale: Polisi wa Barabara Kuu wa California hutoa tahadhari ya Ebony kwa ombi la polisi wa mahali mtoto alipopotelea, ambao kwanza wanatakiwa wawe wametumia nyenzo zao. Msimbo mpya nao haubadilishi lolote hapo, kwa sababu unaongeza nguvu ya kipaza sauti bila kumgusa anayekishika.

Wala haiwezi kusemwa kwamba njia nyingine haikujulikana. Mwaka 2024 California iliirekebisha sheria ya Feather ili mamlaka za makabila ziombe tahadhari moja kwa moja kwa Polisi wa Barabara Kuu na zijibiwe ndani ya saa 48, muda ambao bado ni mrefu mno kwa mtoto wa miaka 13, lakini angalau una kikomo. Familia za Weusi zilipewa jina la tahadhari bila njia hiyo, na ombi lao linapita kwanza kwa ofisa aliyekwisha kuandika mtoro kwenye jalada.